Mama anasahau: je, vita vimebadilisha jeni za familia yetu?

"Daktari, mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Ndosho, Goma. Ni miaka miwili sasa anasahau. Anauliza jambo lile lile mara tano, anaweka chumvi kwenye sombe mara mbili, na mwezi uliopita alipotea akitoka soko la Virunga. Bibi mzaa mama alizeeka hivyo hivyo. Mdogo wangu aliye chuo kikuu anasema vita na ukimbizi vimeweka alama kwenye jeni zetu, kitu kinachoitwa epijenetiki, na kwamba mimi na watoto wangu tumekwisha kuandikwa. Muuzaji wa farmasia anatushauri asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku ili kusafisha jeni. Shemeji aliye Ulaya anataka kutuma kipimo cha mate kinachoonyesha umri wa kweli wa mwili. Kanisani wengine wananong'ona uchawi, kwa sababu mama anaamka usiku na kuzunguka uani. Tufanye nini? Na mimi nitaugua?"

Dada yangu, naanza na swali la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hujaandikwa. Hakuna alama ya epijenetiki inayojulikana leo ambayo daktari akiikuta kwa mtu anaweza kumwambia kwamba atapata ugonjwa wa kusahau. Mdogo wako ameshika jambo la kweli, ila amelivuta likapita pale sayansi inapoishia. Na wakati nyumbani mnabishana juu ya jeni, mama hajapata vipimo vya kawaida, nayo baadhi ya magonjwa yanayowasahaulisha wazee hutibika. Nitaeleza yote mawili. Ukiwa na haraka, shuka hadi ninapozungumzia vipimo, umpeleke mama kwanza, haya mengine utayasoma ukirudi.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna DNA, uzi wa kemikali unaobeba maelekezo ya mwili, wenye urefu wa karibu mita 2, umekunjwa ukaenea kwenye kiini kisichoonekana kwa macho. Humo mna jeni karibu 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini. Seli ya ini ya mama na seli ya ubongo wake zina DNA ile ile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Fikiria kwaya: waimbaji wote wameshika kitabu kimoja cha nyimbo, lakini zitakazoimbwa Jumapili hii ni zile zilizowekewa alama. Alama zikihamishwa, ibada inabadilika, na hakuna neno hata moja la kitabu lililofutwa. Epijenetiki ni elimu ya alama hizo.

Alama zenyewe ni kemikali. Moja inaitwa methili: atomi moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, hubandikwa juu ya C, mojawapo ya kemikali nne zinazoitwa herufi za DNA. Ikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Nyingine hukaa kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Histoni nane hukusanyika pamoja, na herufi 147 hivi za DNA huviringika juu yake. Histoni zikipata kikundi kiitwacho asetili, DNA hulegea na jeni husomeka. Kikiondolewa, DNA hukazana na jeni hufungwa. Mwili una vimeng'enya vya kubandika na vya kubandua, na vyote viko kazini maisha yote. Sigara inaonyesha jambo hili vizuri. Moshi wake hupunguza methili kwenye jeni iitwayo AHRR, kiasi kwamba damu peke yake inaweza kuonyesha nani anavuta. Mtu akiacha, methili hurudi polepole kadiri miaka inavyopita, ingawa kwa aliyevuta muda mrefu huenda isirudi yote.

Ubongo una ugumu wake wa pekee. Seli za ngozi hufa na nyingine kuchukua nafasi kila baada ya wiki chache, lakini seli nyingi za neva ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Seli moja inatakiwa kutunza alama zake miaka sabini na zaidi, bila kubadilishwa. Tena kumbukumbu yenyewe inazihitaji. Mama akijifunza jina la mjukuu mpya, kuna jeni ndani ya seli za neva ambazo lazima zifunguliwe kwa saa kadhaa ili miunganiko kati ya seli iimarike. Uzeeni ufunguaji huo huwa mzito. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliwachukua panya waliopoteza seli nyingi za ubongo, wakawapa dawa inayozuia asetili isiondolewe. Wengine wakawekwa tu pamoja na wenzao penye vitu vingi vya kuchezea na kuchunguza. Panya hao walikumbuka tena mambo waliyoyajifunza kabla ya ubongo kuharibika. Utafiti huo ndio uliowapa wengi matumaini kwamba sehemu ya kusahau ni kumbukumbu iliyofungiwa, ambayo haijafutika bado.

Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalipima ubongo wa watu waliofariki, mojawapo likiwa na ubongo wa watu 708. Kwa wale waliokuwa na Alzheimer, aina ya demensia (ugonjwa wa kusahau na kupungukiwa akili) iliyo ya kawaida kuliko zote, yalikuta methili imebadilika kwenye sehemu zile zile, mojawapo ikiwa jeni iitwayo ANK1. Ni ugunduzi mkubwa, nauheshimu. Lakini ubongo wa marehemu hauwezi kusema kipi kilitangulia, alama au ugonjwa. Isitoshe, neva zikifa, seli nyingine za ubongo huchukua sehemu kubwa zaidi ya kipande kinachopimwa, hivyo wastani wa alama hubadilika hata kama hakuna alama iliyohama ndani ya seli yoyote. Mwaka 2018 panya waliodungwa sumu ya bakteria walibaki na alama mpya kwa miezi kadhaa kwenye histoni za mikroglia, seli za kinga za ubongo. Dungo moja lilizidisha uchafu wa amiloidi, protini inayorundikana katika Alzheimer, ubongoni; madungo manne ya mfululizo yaliupunguza. Mateso ya mwili huacha alama, ndiyo, lakini alama haziendi upande mmoja tu, na anayekuambia anajua zitakufikisha wapi anakisia.

Sasa vita. Mdogo wako huenda amesikia utafiti uliofanywa Goma penyewe, kwenye hospitali ya HEAL Africa, ukachapishwa mwaka 2012. Ulihusu akina mama 25 na watoto wao wachanga. Kadiri mama alivyopitia mateso makubwa wakati wa mimba, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na ndivyo damu yake ilivyokuwa na methili nyingi kwenye jeni NR3C1. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na hofu. Watafiti hao walifanya kazi ngumu mahali pagumu. Hata hivyo watu 25 ni wachache, na hakuna mzee aliyepimwa kumbukumbu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaelezwi. Mama mjamzito akikimbia risasi, mtoto aliye tumboni naye amekimbia. Yaliyo katika damu ya mama yanamfikia. Huko ni kuguswa yeye mwenyewe, bado si kurithi. Na mtoto huyo akiwa wa kike, tayari ana mayai yake tumboni, kwa hiyo mateso hayo yamevigusa vizazi vitatu kwa mara moja: mama, binti, na yai litakaloleta mjukuu. Ili mtu adai kwamba alama zimerithiwa kwa njia ya akina mama, lazima azikute kwa kitukuu. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa. Alama nyingi za methili hufutwa wakati mayai na mbegu zinapotengenezwa, halafu tena siku za kwanza baada ya mimba kutunga.

Sisemi kwamba vita havikumdhuru mama. Vilimdhuru. Kati ya askari wastaafu wa Marekani, waliobaki na kiwewe cha vita walipata demensia karibu mara mbili kuliko wenzao, kwa utafiti wa mwaka 2010. Lakini sehemu ya madhara hayo hupitia mambo yanayoonekana na kutibika: tansio iliyopanda, usingizi uliokatika, pombe ya kutuliza mawazo, moyo ulioshuka kwa huzuni. Hapo ndipo tunaweza kuweka mkono leo.

Kuhusu bibi yako. Ipo Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja, kwa kasoro kwenye jeni APP, PSEN1 au PSEN2, lakini haifiki mgonjwa mmoja kwa mia, na wengi wao huanza kabla ya miaka 65, baadhi wakiwa na 40 tu. Mama aliyeanza kusahau akiwa na 69 hafanani nao. Jeni nyingine, APOE e4, huongeza hatari bila kuamua, na hata nguvu yake haiko sawa kila mahali. Watafiti waliwafuata Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, pamoja na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 walitangaza kwamba demensia mpya kwa mwaka ilikuwa asilimia 1.35 kule Ibadan na asilimia 3.24 kule Indianapolis. Jeni hiyo ilionekana kuwa na athari dhaifu zaidi Ibadan. Kuwa na mama na bibi waliosahau uzeeni kunakuongezea hatari kiasi. Lakini na wewe ukizeeka unaweza usiugue kabisa.

Nije kwenye foliki. Hesabu ya muuzaji inavutia: mwili hupata methili kwa msaada wa foliki na vitamini B12, basi tuongeze foliki. Tatizo ni kwamba huwezi kuiagiza methili iende wapi. Katika ubongo wenye Alzheimer kuna sehemu zilizojaa methili kupita kiasi na nyingine zilizopungukiwa, kwa wakati mmoja. Utafiti mmoja mzuri wa Oxford, uliotoka mwaka 2010, uliwapa wazee walioanza kusahau kidogo miligramu 0.8 za foliki, 0.5 za B12 na 20 za B6 kila siku kwa miaka 2. Ubongo wao ulisinyaa kwa asilimia 0.76 kwa mwaka, na wa wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 1.08. Faida kubwa ilikuwa kwa waliokuwa na homosisteini nyingi katika damu, dalili kwamba vitamini hizo hazitoshi. Majaribio mengine mengi, kwa wazee wasiochaguliwa hivyo, hayakuona kumbukumbu ikiimarika.

Angalia pia kiasi: miligramu 5 ni zaidi ya mara sita ya dozi ile, na ni foliki peke yake. Mzee aliyepungukiwa B12 akimeza foliki nyingi, damu yake inaweza kuonekana imepona huku neva na ubongo vikiendelea kuharibika bila kujulikana. Upungufu wa B12 wenyewe husahaulisha, hutia ganzi miguuni, na hutibika kwa sindano. Wazee wengi huinyonya vibaya, na metformini ya kisukari huishusha zaidi. Kwa hiyo usimpe mama foliki hiyo kabla ya kujua hali ya B12. Samaki wadogo wa sambaza, mayai na maziwa vina B12. Sombe na lengalenga havina, ingawa vina foliki nzuri.

Kipimo cha mate kiacheni. Kinatokana na kazi ya Steve Horvath, ambaye mwaka 2013 alionyesha kwamba methili kwenye sehemu 353 za DNA inakadiria umri wa mtu. Kama sayansi, ni kazi ya ajabu. Kama kipimo cha mgonjwa mmoja, mate hayasemi hali ya seli za neva, na jibu lolote litakalotoka, "umri wake ni 68" au "ni 76", halitabadilisha hata kidonge kimoja katika matibabu yake. Mwombe shemeji pesa hizo azitume zinunue mashine ya tansio ya mkono na kulipia maabara. Na mtu akikuambia kuna dawa ya kifafa, valproati, inayofungua jeni, mkatalie. Ni kweli inazuia kuondolewa kwa asetili. Lakini wagonjwa wa Alzheimer walioimeza miaka 2 hawakupata nafuu, walipata madhara, na ubongo wao ulisinyaa zaidi kuliko wa wenzao.

Haya ndiyo ningetaka afanyiwe. Tansio ipimwe akiwa ameketi, amepumzika dakika 5, mara mbili, siku tofauti. Ikibaki 140/90 au zaidi anahitaji matibabu. Sukari. Wingi wa damu. Figo na sodiamu. Mkojo. Kipimo cha VVU na cha kaswende, hata kama ni mzee na mjane. Vyote viwili huingia ubongoni na vyote vina dawa. Kipimo cha TSH kwa ajili ya tezi ya shingo. Kivu ina historia ya goita, na kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa sana kwa upungufu wa madini joto. Tezi ikilegea, mtu hupungua akili, huwa mzito, husikia baridi, hufunga choo. B12 ikipatikana. Aulizwe kama alianguka miezi ya karibuni, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo kwa wiki kadhaa baada ya pigo dogo. Hapo anahitaji skana, na daktari wa upasuaji huitoa damu hiyo. Masikio yatazamwe kama yana nta, macho kama yana mtoto wa jicho. Asiyesikia huonekana amesahau kumbe hakuambiwa.

Beba pakiti za dawa zote anazomeza, hata za mafua. Diazepamu, amitriptilini, prometazini na klorfeniramini huvuruga kumbukumbu za wazee kabisa, na mara nyingi familia huzitumia ili mama alale. Kama amekuwa akimeza diazepamu kwa miezi, isisimamishwe ghafla. Ipunguzwe hatua kwa hatua na daktari.

Katika uchunguzi wa akili, mwambie daktari mapema mama alisoma hadi darasa gani. Vipimo vingi vilivyotoka Ulaya na Marekani huomba mtu aandike sentensi, achore, ahesabu kurudi nyuma, na mama asiyekwenda shule huanguka akiwa mzima. Kuna kipimo kilichotengenezwa wilaya ya Hai, Tanzania, kiitwacho IDEA, chenye maswali sita: kukumbuka maneno kumi, kutaja wanyama wengi ndani ya dakika moja, kupanga umbo kwa njiti za kiberiti na kadhalika. Hakihitaji kusoma. Nawe andika kwenye daftari mambo aliyokuwa akiyaweza miaka mitatu iliyopita na sasa hayawezi: kuhesabu chenji, kupika maharagi bila kuyaunguza, kurudi nyumbani peke yake. Maelezo hayo yana uzito kuliko kipimo chochote. Kwa Goma, kituo cha Tulizo Letu kinashughulikia magonjwa ya akili na neva. Kwa aliye Bukavu kuna SOSAME.

Vipimo vikiwa safi na hali ikiendelea kushuka, daktari anaweza kujaribu donepezili, miligramu 5 usiku. Inawasaidia baadhi, kwa kiasi, wala haisimamishi ugonjwa. Mapigo ya moyo yapimwe kwanza. Yakiwa chini ya 50 kwa dakika asianze mpaka moyo uchunguzwe.

Kuzunguka usiku kunaelezeka bila uchawi. Ugonjwa huharibu sehemu ya ubongo inayotenganisha usiku na mchana, na giza likiingia mgonjwa huchanganyikiwa zaidi. Wakati mwingine anatafuta choo tu, au ana maumivu asiyoweza kuyataja. Mpe mwanga wa jua asubuhi na mwendo wa nusu saa mkishikana mkono, usingizi wa mchana usizidi dakika 30, kahawa isipite saa sita mchana. Weka taa ndogo ya sola na chombo cha haja karibu na kitanda. Mbabula itolewe nje kabla ya kulala, kwa sababu moto na hewa ya makala vyote huua, na hewa hiyo yenyewe huharibu kumbukumbu. Uani, funikeni mawe ya lava yenye ncha mahali anapopita. Shona namba yako ya simu kwenye pindo la kitenge chake.

Manong'ono usiyaache yakue. Mwombe mchungaji au mzee wa kanisa anayeheshimika aje hospitalini asikie kwa daktari mwenyewe, kisha yeye ndiye aongee na wengine. Maombi hayamdhuru mama. Lakini mtu yeyote asimfunge kamba, asimlazimishe kufunga kula, wala asimzuie maji au dawa. Mzee aliyekauka maji kwa siku mbili huchanganyikiwa zaidi, na wanaomtuhumu wataona ndiyo ushahidi.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, akiwa na homa, akisinzia bila kuamka vizuri, akipooza upande mmoja au mdomo kwenda kombo, akipata degedege, au akianza kuumwa kichwa kinachozidi baada ya kuanguka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Malaria, nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo humgeuza mzee kwa usiku mmoja.

Na wewe mwenyewe. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa, miongoni mwake tansio, kisukari, kutosikia, sigara, pombe nyingi, moshi, upweke na kushuka moyo. Tansio hufanya madhara mengi zaidi kwa ubongo katika umri wa kati, wakati mtu hajisikii chochote, na huenda ndio umri ulio nao sasa. Siku mtakayompeleka mama, nawe nyoosha mkono wako wakupime.